Shajara ya 5L: kilima cha Kitulo na safari ya kurudi

Jumamosi, 8 Juni

Leo gari letu, Hilux yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 5L, limelala njiani. Tulitoka Uyole, hapa Mbeya, saa mbili asubuhi, mifuko 20 ya saruji nyuma, mdogo wangu kwenye usukani, mimi pembeni na daftari langu la hesabu za viazi. Isyonje tukaiacha barabara ya Tukuyu, tukakata kushoto kushika ya Kikondo. Gari lilikuwa linavuta kama lilivyozoea, yaani polepole, gia ya pili, moshi mweusi nyuma. Tulipoipita Kikondo na kuanza kilima kirefu cha kuelekea Kitulo likalegea. Mdogo wangu akaweka gia ya kwanza. Mshale wa joto ulikuwa katikati, umetulia kabisa. Haikupita muda mrefu, boneti likafuka mvuke kama sufuria ya makande.

Tulizima, tukakaa zaidi ya saa nzima bila kugusa kifuniko cha rejeta. Baada ya hapo tukamimina maji, lita saba. Lita saba! Injini iliwaka, lakini ikitetemeka, na maji yakawa yanarudi juu kwenye mdomo wa rejeta kwa mapovu makubwa. Nikamwambia mdogo wangu azime, asiwashe tena hata mtu akimwambia vipi. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai akatupa sehemu ya kuweka saruji, mdogo wangu akabaki kulinda gari, mimi nikashuka na Fuso ya viazi kutafuta gari la kuvuta. Ndaga fijo, mama, asante sana.

Kuhusu mshale: haukuharibika. Maji yakishatoka kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, sensa inabaki kwenye mvuke na haipati tena cha kupima. Kwa hiyo unaweza kuunguza injini huku ukiangalia mshale uliotulia. Dalili ya kweli tuliipata mapema, ni pale nguvu zilipopungua ghafla kwenye kilima ambacho tunakipanda kila wiki. Tungesimama pale.

Jumapili, 9 Juni

Gari limefika nyumbani saa kumi jioni. Naanza kuandika kila kitu kwa sababu nataka nijue limefikaje hapa, siyo tu kulitengeneza.

Lenyewe ni Hilux ya mwaka 2003, kabini moja, injini 5L. Silinda nne, cc 2,986, halina tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), halina kompyuta, pampu ya dizeli ni ya mzunguko inayoendeshwa na taiming belti, ukanda unaopatanisha mizunguko ya injini. Nililinunua miaka minne iliyopita likiwa na kilomita 371,000. Sasa lina 412,000. Mafundi wote niliowahi kuwauliza walinijibu kitu kimoja: 5L haifi. Naamini ni injini imara kweli. Lakini kadiri ninavyoandika hapa ndivyo ninavyoona kwamba sifa hiyo ndiyo iliyotufanya tusiifungulie boneti.

Nilichokiona leo kwa macho: oili kwenye kijiti ni nyeusi ya kawaida, haina rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayajaingia kwenye oili. Mpira wa juu wa rejeta, baada ya kuwasha sekunde 20 tu na injini ikiwa baridi, umekuwa mgumu kama mti. Injini baridi haiwezi kutengeneza presha ya namna hiyo kwa joto. Ni hewa ya silinda inapenya kwenye njia ya maji.

Jumanne, 11 Juni

Tumelisukuma hadi gereji ya Mzee, pale Sae. Ndiye aliyemfundisha kazi marehemu baba yetu mdogo, na hana haraka ya kuuza spea. Nilipomwambia, "Shikamoo Mzee, naona gasketi ya hedi imekwenda," akaitika marahaba, akasema, "Mwanangu, usinunue kitu kabla hatujapima."

Tukatoa hita plagi zote nne, vile vijiti vya kupasha moto silinda wakati wa kuwasha, tukafunga geji ya kompresheni (presha ya hewa inayobanwa na pistoni) kwenye tundu moja moja, betri nzuri, stata inazunguka vizuri. Matokeo:

Silinda ya 1: psi 360
Silinda ya 2: psi 355
Silinda ya 3: psi 240
Silinda ya 4: psi 235

Kijana wake mmoja aliposoma 360 akasema injini imechoka yote, ringi za pistoni zimekwisha, maana kitabu cha familia hii ya injini kinataja kitu kama psi 450 kwa injini nzima, na 284 ndiyo kima cha chini. Mzee akamwambia akae. Hapa tulipo ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa inayoingia kwenye silinda ina presha pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Dar es Salaam, na kinachobanwa kikiwa pungufu, geji nayo itasoma pungufu. Ukiirekebisha 450 kwa mwinuko wetu unapata kama 370. Silinda ya kwanza na ya pili ni nzima kabisa.

Hili limenigusa sana. Ni injini ngapi za nyanda hizi zimefunguliwa hadi pistoni, zikachongwa na kuwekwa ringi mpya, kwa sababu mtu alisoma namba ya pwani akiwa Mbeya?

Silinda ya 3 na ya 4 ziko jirani na zote mbili zimeshuka kwa kiasi kinachokaribiana. Ringi haziishi hivyo, haziandamani mbilimbili. Gasketi, kile kizibo kilicho kati ya hedi na bloku, imeungua katikati yao.

Jumamosi, 15 Juni

Tumefungua hedi. Kazi ya kutwa, na mvua haikuwepo, ilikuwa vumbi tu na upepo wa mlima Loleza.

Gasketi tuliiweka juu ya turubai, tukainama wote kuitazama. Kati ya silinda ya 3 na ya 4 pana daraja jembamba la chuma. Lilikuwa limekatika, na mahali pake pamechimbika kamfereji keusi kenye upana wa njiti ya kiberiti, kingo zake zimeyeyuka na kung'aa kama kioo. Kutoka hapo mstari mwembamba wa masizi unaelekea kwenye tundu la maji. Ndiyo njia yote ya mapovu, unaifuata kwa kidole. Upande wa silinda ya 1 na ya 2 gasketi bado ina rangi yake.

Mzee akaweka rula ya chuma kwa mshazari juu ya uso wa hedi, akapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, chini yake. Katikati ilipita ya milimita 0.25. Kikomo ni 0.20. Hedi imepinda, lakini siyo ya kutupa.

Kuta za silinda bado zina mistari ya kuchonga ya kiwandani inayokatizana, kilomita 412,000 zikiwa zimepita. Nilipiga picha nikamtumia mdogo wangu, alikuwa Kikondo anahamisha saruji kwa bodaboda, mfuko mmoja mmoja.

Jumatano, 19 Juni

Karakana ya mashine. Wamezamisha hedi kwenye maji ya moto na kuipuliza hewa, haina ufa. Hapa nilishusha pumzi, kwa sababu ndugu wa injini hii mwenye tabo, 2L-T, anafahamika kwa hedi kupasuka, na niliogopa tungekuta yaleyale.

Kukatokea ubishi. Injini hii haimwagi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Dizeli inaingia kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya hedi, inaanza kuungua humo, ndipo moto unatoka kupitia kikombe cha chuma kilichopachikwa kwenye uso wa hedi. Fundi wa mashine alitaka kuuskimu uso, yaani kuukata kidogo uwe sawa, na vikombe vikiwa mahali pake, maana ni haraka zaidi. Mzee akakataa. Ukikata hedi pamoja na kikombe, unakipunguza na kukilegeza, baadaye kinacheza na kuharibu gasketi mpya. Vitolewe kwanza, uso ukatwe kidogo iwezekanavyo, kisha virudishwe na urefu wake upimwe, na valvu nazo zizamishwe kiasi chake zisije zikagusa pistoni. Fundi alilalamika, ila alifanya, na alifanya vizuri. Kikombe cha silinda ya 3 kilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, tumebadilisha.

Jumamosi, 22 Juni

Leo ndiyo siku niliyoitaka. Hedi iko karakana, kwa hiyo tumeshughulika na swali la kwa nini.

Tumeanza na rejeta. Mbele yake, kati ya matundu, kulikuwa na mkeka wa mbegu za majani na tope la Kikondo. Fundi rejeta akafungua tanki la juu. Karibu theluthi ya njia zimezibwa na ukoko mweupe. Huo ni wa maji ya mto tuliyokuwa tunajazia, mimi na mdogo wangu, kwa dumu, miaka minne. Kulenti, maji maalumu ya rejeta, ilikuwa dukani siku zote.

Feni. Klachi ya feni ni ile yenye mafuta mazito ndani, ikipata moto inakaza na kuivuta feni. Yetu ukiipiga kwa kidole inazunguka mara tano bila kusimama. Imekufa.

Themostati, valvu inayoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata moto. Haipo. Tulifungua nyumba yake tukakuta tupu, pamefutwa vizuri na kuwekwa silikoni. Kuna mtu aliitoa kwa nia njema, akidhani gari litapoa zaidi. Asubuhi za Juni hapa Mbeya injini isiyo na themostati inatembea nusu ya safari ikiwa baridi, inakula dizeli, inasugua ringi. Na kwenye injini zenye njia ya mkato ya maji, themostati ndiyo inayoifunga njia hiyo joto likipanda. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka tu bila kupita kwenye rejeta.

Halafu kifuniko cha rejeta. Nakiandikia kirefu kwa sababu ndicho kidogo kuliko vyote na ndicho kilichotumaliza.

Mzee alikigeuza, akanionyesha ule mpira wa chini. Ulikuwa umekauka, una mpasuko wa nusu duara, na spring inabonyea kwa kidole kimoja. Juu kimeandikwa 0.9. Maana yake kikiwa kizima kinazuia maji yasitoke mpaka presha ifike karibu bar 0.9 juu ya hewa ya nje. Sasa fikiria. Pwani maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100. Mbeya mjini huchemka kwa 94 hivi. Uwanda wa Kitulo una wastani wa mita 2,600, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 91 au 92, ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva. Injini ya dizeli yenye mzigo kilimani inafika nyuzi 90 na kitu bila kuwa na ugonjwa wowote. Kifuniko kizima kingeyasogeza maji ya Kitulo hadi kama nyuzi 114 ndiyo yachemke. Kifuniko chetu kilichopasuka kiliyaacha yachemke kwenye 92, joto ambalo injini inalipata ikiwa inafanya kazi yake ya kawaida.

Kwa hiyo gari lilelile, kwa kasoro ileile, lingeweza kukaa Kyela miaka miwili bila kuchemsha. Sisi tulilipandisha kila wiki mahali ambapo kifuniko kibovu hakisamehewi. Bei ya kifuniko kipya: shilingi 15,000.

Jumanne, 25 Juni

Swali moja lilibaki linanikera. Moshi mweusi. Gari nililinunua nao, nikauzoea, nikaambiwa dizeli za zamani ndivyo zilivyo.

Mzee alinivuta hadi nyuma ya pampu. Kuna skrubu inayopanga kiasi cha juu cha dizeli ambacho pampu inaweza kutoa. Kiwandani inafungwa na lakiri ili asiiguse mtu. Lakiri ilikuwa imekatwa, na kwenye nyuzi za skrubu kuna alama mpya za koleo. Mtu aliikaza ndani, karibu mzunguko mzima.

Namwelewa aliyefanya hivyo. Kule juu hewa imepungua kwa karibu robo, injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, na mwenye gari analalamika halivuti. Fundi anaongeza dizeli. Lakini hewa ya kuiunguza haipo, kwa hiyo ziada yote inageuka moshi mweusi na moto kwenye ekzosi, na moto huo unapita kwenye hedi. Gari linavuta vizuri kidogo kwa wiki moja, hedi inakaangwa kwa miaka.

Nimeuchora mnyororo wote nyuma ya daftari: hewa nyembamba, nguvu zikapungua, pampu ikakazwa, joto likazidi, themostati ikatolewa ili lipoe, tukaweka maji ya mto, ukoko ukaziba rejeta, klachi ya feni ikafa bila mtu kujua, kifuniko kikapasuka, maji yakachemka, gasketi ikaungua. Hakuna hata pete moja katika huo mnyororo ambayo ni injini yenyewe kushindwa. Nilikaa pale kwenye tairi kuukuu nikauangalia mchoro huo kwa muda, na kusema kweli niliionea huruma ile mashine.

Ijumaa, 28 Juni

Pampu na nozo, ile midomo ya kunyunyizia dizeli, zimekwenda kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Skrubu imerudishwa kwenye kipimo, kisha tukamwomba apunguze kidogo tena kwa ajili ya mwinuko wetu, maana pampu yetu haina kile kifaa cha kujipunguza yenyewe kadiri unavyopanda. Nozo mbili zilikuwa zinatiririka badala ya kunyunyiza. Unaiona kwenye mashine: nzuri inatoa ukungu na mlio mkali, mbovu inadondosha matone mdomoni. Tumebadilisha zote nne.

Ndani ya filta ya dizeli kulikuwa na maji, kama nusu kikombe cha kahawa, yenye rangi ya kutu. Dizeli ya madumu. Sinunui tena.

Jumamosi, 6 Julai

Siku ya kufunga.

Kwanza tulipima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku zikifika juu kabisa. Gasketi za injini hii zina unene wa aina tatu, B, D na F, na unachagua kwa kipimo hicho. Yetu ilisoma milimita 0.84, ambayo ni ya D. Dukani walikuwa na moja tu, wakasema inaingia magari yote. Inaingia, ndiyo. Ila ikiwa nene kompresheni inashuka na kuwasha asubuhi inakuwa tabu, ikiwa nyembamba pistoni inakaribia valvu. Tulisubiri siku tatu ya kwetu ije kwa basi kutoka Dar.

Bolti za hedi tumezikaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa hatua tatu: Nm 78, halafu robo mzunguko, halafu robo mzunguko mwingine. Nilishika toki renchi mimi mwenyewe, Mzee akihesabu.

Belti mpya ya taiming na tenshena yake. Hapa kuna jambo. Kwenye dashibodi ya gari hili kuna taa ya T-BELT, inatakiwa iwake kila kilomita 100,000 kukukumbusha. Sikuwahi kuiona ikiwaka. Tumefungua dashibodi, balbu imetolewa. Belti tuliyoitoa ilikuwa na nyufa mgongoni kila baada ya meno mawili matatu, na mbavuni nyuzi zimeanza kuchomoka. Ingekatika ikiwa kwenye mwendo, valvu zingepigwa na pistoni, na hii shajara ingekuwa ya injini nyingine. Nimenunua balbu, shilingi 1,000, nikairudisha mahali pake.

Themostati mpya, ya nyuzi 82. Wota pampu mpya, kwa sababu iko palepale nyuma ya belti na sitaki kurudi. Klachi ya feni imepatikana ya mtumba, nzuri. Kifuniko kipya. Kulenti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba, mji umetulia, baridi kali. Tumeamua kuwasha saa kumi na mbili asubuhi makusudi, ili tuione ikiwa katika hali mbaya.

Haikuwaka. Stata inazunguka, moshi mweupe mzito unatoka nyuma, unachoma macho, injini inakohoa na kukataa. Moyo ulinidunda. Mdogo wangu akasema, "Dada, tumekosea taiming."

Moshi mweupe wa namna hii ni dizeli ambayo haijaungua. Mzee hakusema kitu, alichukua taa ya majaribio, waya mmoja kwenye betri, mwingine akaugusisha kwenye kila hita plagi. Iliwaka kwa moja tu. Tatu zimekufa. Injini yenye vyumba vya awali inategemea sana hivyo vijiti, kwa sababu moto wa kwanza unapotezwa na kuta baridi za chumba, hata kama kompresheni ni 22 kwa 1. Mchana wa Mbeya hutaona tofauti. Alfajiri ya Julai utaiona.

Tulipata duka moja lililofunguliwa Mwanjelwa. Saa nne tukapasha sekunde 15, tukapiga stata. Iliwaka mzunguko wa pili. Moshi mweupe dakika moja, ukawa wa bluu kidogo, ukaisha. Sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, imetulia kiasi kwamba glasi ya maji juu ya kava ya tapeti inatikisika tu, haimwagiki.

Jumamosi, 20 Julai

Kilomita 600, mizigo myepesi, Uyole hadi Chimala na kurudi, mara moja Mbalizi. Tumepima tena kompresheni: 360, 355, 350, 355. Nafasi za tapeti (upenyo wa juu ya valvu) tumeziangalia injini ikiwa baridi. Za kuingiza hewa zinatakiwa ziwe kati ya milimita 0.20 na 0.30, za kutoa kati ya 0.40 na 0.50. Mbili za kutoa zilikuwa zimebana, shimu, vile vibati vinavyopanga nafasi hiyo, zimebadilishwa. Valvu iliyobana haitoi kelele, na ndiyo hatari yake, watu hukimbilia ile inayopiga kelele.

Oili inavuja tone moja kwa usiku kutoka kwenye sili ya nyuma ya krenki. Ilikuwepo kabla. Naiandika.

Gharama zote mpaka leo ni shilingi milioni 2 na laki 1. Karibu nusu ni pampu na nozo.

Jirani yangu amekuja kuniuliza kama ni bora auze gari lake lenye injini ya 3L anunue la kisasa lenye mfumo wa reli ya pamoja ya dizeli (common rail). Nilimjibu ninachokiamini. Zile zinavuta vizuri zaidi, hasa huku juu, kwa sababu zina tabo, na zinakula kidogo. Lakini dizeli yake inabanwa kwa zaidi ya bar 1,000, wakati nozo zetu zinafunguka kwa kitu kama 150. Ile nusu kikombe ya maji ya kutu tuliyoikuta kwenye filta yangu ilinigharimu nozo. Kwenye ile ingekula mpaka pampu. Kama unajaza kituoni na unabadilisha filta kwa wakati, nunua. Kama unajaza kwa dumu, baki na 3L yako, na leta kifuniko chako cha rejeta nikione.

Alileta. Mpira umepasuka.

Jumamosi, 3 Agosti

Kilima.

Nimefunga geji ndogo ya namba, sensa yake imezama chini ya hedi ambako maji hukauka mwisho. Mifuko 20 ya saruji, kama siku ile. Mdogo wangu kwenye usukani, mimi na daftari.

Uyole, nyuzi 84. Isyonje, 86. Kikondo, 89, feni imeanza kusikika ikikaza, ule mngurumo ambao sikuwahi kuusikia kwenye gari hili. Kwenye kilima chenyewe tukashika gia ya kwanza mapema kuliko zamani, maana pampu imepunguzwa na nguvu ni pungufu, hilo lazima niliseme. Tunapanda polepole zaidi kuliko mwezi wa tano. Nilitazama nyuma kwenye kioo: nyuma yetu barabara inaonekana mpaka chini, hakuna moshi.

92. Nikaacha kuandika. 94. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, tusimame?" Nikamwambia twende. 96, ikakaa hapo, ikakaa, mpaka tulipofika pale kwenye kibanda cha chai ikashuka hadi 93. Niliteremka nikashika mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa. Ulikuwa wa moto na umekaza kiasi chake, unabonyea. Chombo cha akiba kimepanda kwa upana wa kidole, hakuna tone chini.

Mama alituwekea chai ya maziwa, akauliza kama safari hii tunaacha tena saruji. Tulimwachia mifuko miwili, ya sakafu ya kibanda chake.

Wiki ijayo, kabla ya Nanenane, tunashusha gia boksi kwa ajili ya ile sili ya nyuma.